Kauri zetu ni mali bila daftari

Wapo Wakenya wengi, wasomi kwa wasiosoma, waaminio kwamba kukusanya mapambo ya kale ni uraibu wa Wazungu wenye fedha za kuchezea na wakati wa kupoteza. Mtu akisikia kuwa kuna bwana fulani huko Ulaya ambaye ametumia sehemu kubwa ya mali yake kununua visanamu vya kauri vya karne ya 18, hutikisa kichwa na kuuliza: Je, vyaliwa? Vyavaliwa? Swali hilo si la kipumbavu. Hata hivyo, jibu lake si lazima tulifuate ng'ambo. Limo katika kuta za majumba ya mawe ya Lamu na Pate, na watu wa pwani yetu walikuwa wamekwisha kulijibu kabla Mzungu hajajua kauri hutengenezwa vipi.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba sisi nasi tu wakusanyaji wa kauri, tena wa zamani sana. Nakusudia pia kueleza kwa nini ukusanyaji wetu unaelekea kutuponyoka mikononi ilhali wa wenzetu umedumu. Sababu yenyewe, kwa maoni yangu, si umaskini peke yake. Wahenga waliitaja walipotuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na neno lenyewe, maana kazi yangu ni maneno. Kauri katika Kiswahili ina maana mbili. Kwanza ni yule simbi mdogo mweupe wa baharini, mwenye mgongo laini na mdomo wa meno, ambaye zamani alitumiwa kama sarafu katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Pili ni ule udongo mweupe, mgumu, uliochomwa hata ukang'aa, utumikao kutengenezea sahani, vikombe na mapambo. Neno hili tumelipata kutoka Bara Hindi. Linalostaajabisha ni kwamba Waitaliano, wasiokuwa na habari nasi, walifanya vivyo hivyo: neno lao porcellana lilikuwa jina la simbi, na walipoviona vyombo vya Kichina vinavyong'aa kama mgongo wa simbi yule, wakavipa jina hilo hilo. Katika habari za Marco Polo neno hilo moja latumika kwa simbi na kwa chombo. Kutoka kwa Waitaliano, neno likaenea Ulaya nzima.

Waarabu wao walifuata njia nyingine. Walikiita chombo hicho kwa jina la nchi kilikotoka, yaani Sini, nchi ya Uchina. Waingereza nao wakafanya hivyo kwa lugha yao. Na wewe, msomaji, ukiketi arusini ukamegeana pilau na wenzako katika sinia moja, unatamka jina la Uchina bila kujua, kwa kuwa sinia asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha Kichina. Sinia ya leo ni ya bati au ya shaba, lakini jina lake bado linakumbuka safari ya mbali.

Sasa tuwatazame wenzetu wa Ulaya, tupate kujipima. Kwa karne nyingi Wazungu walinunua kauri kutoka Uchina na Japani bila ya kujua siri yake. Mfalme Augustus wa Saxony, aliyekuwa pia mfalme wa Poland, alishikwa na ashiki ya kauri hata mwaka 1717 akampa mfalme wa Prussia askari 600 wapanda farasi, naye akapewa vyombo 151 vya Kichina. Ndiye mfalme huyo aliyemzuilia Johann Friedrich Böttger, kijana aliyekuwa amejitapa kwamba aweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Lakini Böttger, akifanya kazi pamoja na mtaalamu Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, aligundua mnamo 1708 jinsi ya kuchoma udongo mweupe uitwao kaolini kwa moto mkali sana hata ukawa kauri ya kweli. Mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa Meissen, karibu na mji wa Dresden.

Katika kiwanda hicho ndimo vilimozaliwa visanamu vinavyopiganiwa na wakusanyaji hadi leo. Mwaka 1731 aliajiriwa mchongaji Johann Joachim Kändler. Huyu aliumba wanyama na ndege, mabwana na mabibi wa ikulu, wachuuzi wa barabarani, wachekeshaji wa jukwaani, na hata kundi zima la nyani wapigao muziki. Visanamu hivyo havikukusudiwa rafu wala makabati. Vilipangwa juu ya meza ya karamu, wakati wa matunda na vitamutamu, mahali palipokuwa pakipambwa kwa sanamu za sukari. Baadaye ndipo vilipopanda rafuni vikawa vitu vya kukusanywa.

Mojawapo ya kazi za Kändler za miaka ya 1740 yatuhusu moja kwa moja. Ni kundi la sanamu za mabara manne. Afrika ni mwanamke aliyevaa kichwani kichwa cha ndovu, na simba yu pamoja naye. Kändler hakuitazama Afrika ili aichonge hivyo. Aliifuata desturi ya wachoraji wa Ulaya waliomtangulia. Nampa mwanafunzi wa fasihi jambo hili alitafakari. Wakati mchongaji wa Meissen alipokuwa akilivika bara letu kichwa cha ndovu, mwanamke halisi wa Kiafrika, bibi mwenye nyumba wa Lamu au Pate, alikuwa akipangusa vumbi kwenye sahani zake za Kichina.

Ushahidi wa jambo hili haukosekani. Huko Manda, wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyombo vya Kichina vya karne ya 9. Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vigae vya namna hiyo vilipatikana kwa wingi, hata nyumba kadhaa za magofu zikapewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake. Ipo iliyoitwa kwa bakuli la kauri, na ipo iliyoitwa kwa simbi wa kauri; majina hayo mawili ukiyatia katika Kiswahili karibu yanakuwa jina moja. Mambrui kuna kaburi la mnara lililotiwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi ya karne ya 18 yalipambwa kwa sahani zilizokazwa katika chokaa. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipozuru Tanganyika mwaka 1955 alisema kwamba tangu karne ya 10 na kuendelea, historia iliyofukiwa ya nchi ile imeandikwa kwa kauri za Kichina. Sisi wanaisimu hatuna budi kulishika neno hilo "imeandikwa", kwa maana nitalirudia.

Pambo lenyewe lilikuwaje? Katika majumba ya mawe ya karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kiliweza kuwa na ukuta mzima wa vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu: vishimo vilivyopangwa safu juu ya safu, vyenye nakshi za chokaa. Humo ndimo zilimokaa sahani na mabakuli. Tofauti na karamu ya Meissen, hapa hapakuwa na visanamu vya watu; imani ya wenyeji haikupendelea kupamba nyumba kwa sanamu za viumbe. Badala yake palikuwa na mduara wa sahani, buluu juu ya weupe. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti wake Lamu, alieleza kwamba kauri hizo hazikuwa za fahari tu, bali zilihesabiwa pia kuwa kinga ya nyumba dhidi ya jicho baya na mabaya mengine. Kwa hiyo swali la "vyaliwa, vyavaliwa?" lilikuwa na jibu. Sahani ya kidakani haikuliwa wala haikuvaliwa. Ilisema: ilimweleza mgeni wenyeji wake ni nani, wamefanya biashara na nani, na wanajikinga na nini.

Nao utenzi maarufu wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unapoombolezea kuanguka kwa Pate, hautaji majeshi na ngome pekee. Unavitaja vidaka vya sahani vilivyogeuka malazi ya makinda ya ndege. Mshairi alijua kwamba kidaka kitupu ndicho kilio kikubwa kuliko ukuta uliobomoka.

Leo vidaka vitupu ni vingi, na si ndege waliovihamisha vilivyokuwamo. Makaburi mengi ya pwani, Kenya na Tanzania, yamebaki na mashimo ya mviringo mahali palipokuwa na sahani. Mengine yalianguka yenyewe kwa uzee. Lakini mengi yalibanduliwa kwa patasi, kuanzia enzi ya ukoloni, na watu waliotaka kumbukumbu ya matembezi au bidhaa ya kuuza.

Nilipata kuingia katika duka moja la vitu vya kale, katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja. Miongoni mwa mabirika ya shaba na makasha ya njumu niliona bakuli la buluu na jeupe. Nililigeuza. Kitakoni pake, kuzunguka ukingo, palikuwa na chokaa kavu iliyogandamana, chokaa ya zamani yenye chembechembe za matumbawe.

"Mwalimu, hiyo ni ya Kichina asili," mwenye duka akaniambia.

"Imetoka wapi?"

"Imetoka kwa watu."

Hakuongeza neno, na kwa kweli hakuwa na haja. Chokaa ile ilikuwa imekwisha kusema kwamba bakuli lilibanduliwa ukutani au kaburini. Ukuta upi? Kaburi la nani? La mji gani? Maswali hayo hayatajibiwa tena. Atakayelinunua atalisugua hata chokaa iishe, na ushahidi wa mwisho utaoshwa na maji.

Hapa ndipo nilirudiapo lile neno "imeandikwa". Katika somo la semantiki huwafundisha wanafunzi wangu kwamba neno lililotolewa katika sentensi yake hubaki na umbo lakini hupungukiwa na maana. Chukua neno "kaa". Peke yake hujui kama ni mnyama wa pwani, ni kipande cha makaa, au ni amri ya kuketi. Kauri nayo ni hivyo hivyo. Bakuli la karne ya 15 lililokutwa chini ya sakafu ya nyumba humweleza mchimbaji kwamba sakafu hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya karne hiyo. Kwa njia hiyo Kirkman na waliomfuata waliweza kukadiria umri wa kuta, misikiti na makaburi ambayo hayakuandikwa tarehe yoyote. Ling'oe bakuli lile, ulipeleke katika kabati la mtu, nawe umebakiwa na pambo zuri. Lakini nyumba, msikiti au kaburi ulikoling'oa umelinyima umri wake, na pengine hakuna shahidi mwingine.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao nazijua. Watasema kwamba mkusanyaji ndiye mwokozi, kwa kuwa bakuli lililobaki kaburini lingevunjwa na mvua, mizizi au watoto. Watasema pia kwamba mama mjane mwenye sahani tano za bibi yake ana haki ya kuziuza apate karo ya wanawe, na kwamba profesa aliyeshiba hana haki ya kumzuia.

Hoja hizi zina uzito, wala sitazipuuza. Ni kweli wako wakusanyaji waliookoa mengi, na makumbusho mengi duniani yalianzia katika kabati la mtu mmoja mwenye mapenzi. Ni kweli vilevile kwamba sahani ya urithi ni mali ya mrithi. Lakini tofauti ipo kati ya sahani iliyorithiwa na sahani iliyobanduliwa kaburini, na sheria yetu inaitambua. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa Kenya, au vilivyoletwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Angalia maneno "vilivyoletwa": bakuli la Uchina lililofika Mambrui kwa jahazi ni turathi ya Kenya sawasawa na kinu kilichochongwa hapa. Sheria hiyo hairuhusu vitu vya kale vitolewe nchini bila ya kibali. Kwa hiyo anayemnunulia mjane sahani kwa bei ya mkungu wa ndizi, kisha akaisafirisha kimyakimya, hajamwokoa mjane wala sahani.

Tena tuwatazame hao wakusanyaji wa Ulaya kwa makini, tujifunze lililo jema kwao. Mfalme Augustus alikuwa na ashiki, lakini alikuwa na karani pia. Kuanzia mwaka 1721 kauri zake ziliorodheshwa katika madaftari, na vipande vikatiwa nambari. Sehemu kubwa ya hazina ile ingali Dresden, katika jumba la Zwinger, na kipande chenye nambari ya mfalme kikizuka mnadani, wajuzi hutambua mara moja kilikotoka. Visanamu vya Meissen navyo vilitiwa alama ya panga mbili zilizopishana, alama iliyoigwa na wadanganyifu wengi, ila wajuzi wana kumbukumbu za kiwanda za kulinganishia. Thamani ya kisanamu kile haimo katika udongo wala rangi tu. Imo katika daftari linaloeleza nani alikiumba, nani alikinunua na kimepitia mikono gani.

Sisi daftari letu lilikuwa vinywani. Bibi alijua sahani ipi ililetwa na babu yake kutoka safari gani, ipi ilitolewa siku ya arusi ya nani, na ipi ilipasuka siku ya msiba gani. Daftari la namna hiyo hufa na mwenyewe. Na likifa, hufa pamoja na msamiati. Nenda ukawaulize vijana wa Mombasa kidaka ni nini. Wengi watakutajia mtu akaaye langoni mwa timu ya kandanda, ilhali huyo ni mdakaji au mlinda lango. Lugha haipotezi maneno kwa uvivu wa wasemaji. Huyapoteza vitu vinapoondoka majumbani.

Basi nina ombi kwa walimu, hasa wa Kiswahili na wa historia. Mtihani wa insha hautadhurika ukimwagiza mwanafunzi, wakati wa likizo, aende kwa mzee wa nyumbani kwao akaulize habari za chombo kimoja tu cha zamani. Aandike jina lake kwa lahaja ya mzee mwenyewe, wala asilisanifishe. Aandike kilikuja lini, kwa mkono wa nani, kiliwekwa wapi nyumbani, na kilitumiwa siku gani. Apime upana wake, achore nakshi na alama iliyo kitakoni. Mwanafunzi wa bara asidhani hili halimhusu: kibuyu, mtungi, kigoda na shanga za nyanya yake navyo havina daftari.

Aliye pwani ajifunze pia kutambua. Kauri ya kweli, ikiwa nyembamba, aghalabu huonyesha kivuli cha kidole ukiielekeza kwenye jua, na pahali ilipomeguka huwa pagumu na laini kama kioo. Chombo cha udongo wa kawaida hakipitishi mwanga, na penye kovu hunyonya maji. Sahani nyingi zinazosifiwa kuwa za Uchina ni za udongo kutoka viwanda vya Ulaya, mathalani kile cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, zilizoletwa pwani katika karne ya 19. Nazo zisidharauliwe, zina habari zao za biashara ya Unguja na Lamu. Lakini kila kimoja kiitwe kwa jina lake.

Kisha walimu wawapeleke wanafunzi Gedi, mji uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2024, na Ngome ya Yesu, ambako zimo kauri za pwani pamoja na vitu vilivyopatikana katika merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Wanafunzi wasiishie kustaajabu. Waulize kila kipande kilipatikana wapi, na kando ya nini.

Simwombi yeyote awe mfalme wa Saxony, wala simkatazi mwenye uwezo kupamba sebule yake kwa visanamu vya Meissen akipenda. Ninaloomba ni dogo na gharama yake ni daftari moja la mazoezi. Mzee yu hai, sahani ingali rafuni, na mwanafunzi anajua kuandika. Mambo hayo matatu hayatakutana katika nyumba moja kwa muda mrefu.